Jinsi Tulivyomchagulia Nabwire Gari

Siku ile kwenye uwanja wa magari Busia tulikuwa watu watano, na nitawataja wote ili msije mkasema bibi alienda peke yake akarudi kujisifu. Alikuwepo Nabwire, mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili Barasa. Yeye ndiye aliyekuwa ananunua. Alikuwepo Wandera, mdogo wa marehemu mume wangu, dereva wa malori maisha yake yote, ambaye sasa anafuga kuku Namboboto na kuwaamrisha kama turnboy wake, utingo wa lori. Alikuwepo Emojong, makanika wa Malaba, Mteso. Si damu yetu, lakini mke wake Amoit alijifunzia cherehani kwangu, kwa hivyo tunamhesabu mkwe. Alikuwepo broka, dalali wa magari, kijana aliyeitwa Brayo, ambaye siku hiyo hakuwa ndugu wa mtu. Na mimi, Nasirumbi, ambaye wengi wenu mnanijua kwa jina la Mama Viti.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaonitumia picha za magari kwenye simu mkiniita bibi kwa lugha yetu na kuuliza, "Kukhu, hii iko sawa?" Picha haina harufu, wajukuu wangu. Picha haikai ikabonyea. Mimi nimeshona viti vya malori na magari madogo hapa mpakani tangu Barasa akiwa mgongoni mpaka Barasa akapata mvi, na gari nalijua kwa makalio kwanza, halafu kwa pua, halafu ndipo macho. Injini siijui. Injini ni ya Emojong. Ndiyo maana nasema tulikuwa watu watano.

Kwanza niwaambie Nabwire alitaka gari la nini, kwa sababu mtu asiyejua gari ni la kazi gani hununua la kupigia picha.

Nabwire anapandisha ng'ombe. Msicheke. Mbegu ya madume wazuri huwekwa kwenye mtungi wa chuma wenye baridi kali kupita barafu, na ng'ombe wako akionyesha dalili za kutaka dume, unampigia Nabwire simu, anakuja na mtungi wake na glavu zake ndefu, na baada ya miezi tisa una ndama ambaye mama yake hajawahi kumwona baba. Akichelewa kufika, joto la ng'ombe limepita, na mwenye ng'ombe anangoja tena wiki tatu akilisha mnyama bure. Mwanzoni alikuwa anabeba ule mtungi kwa bodaboda, ukifungwa kwa mpira nyuma yake. Siku moja karibu na Nambale pikipiki ikaingia shimoni, mtungi ukalala chini, baridi yote ikatoka kama moshi, na mbegu zote zikafa. Nabwire alikaa kando ya barabara akilia, na yule wa bodaboda, maskini, akidhani kuna mtu amelipuka.

Chama cha wafugaji kilikuwa kimempa upande wote wa Funyula ahudumie ng'ombe wake. Baada ya ajali hiyo mwenyekiti akamwita akamwambia kwa upole, na upole wake ndio uliouma, kwamba kuna mwanaume mwenye pikapu anautaka upande huo. Kama mvua za masika zikianza Nabwire hana gari, upande utaenda kwa mwenye pikapu. Basi. Hiyo ndiyo iliyotupeleka Busia.

Alihitaji gari la juu kidogo, kwa sababu Namboboto ikinyesha barabara inageuka ugali. Lakini asingeweza lile gari kubwa la wakubwa, maana safari zake ni nyingi na fupi, na gari linalokunywa sana lingekula mshahara kabla yeye hajala. Alitaka haya ya katikati wanayoyaita krosova: lina tumbo la juu, lakini ndani ni gari dogo la kawaida. Na liwe la mkono wa pili, kwa sababu jipya tunaliona tu likipita barabarani. Mama yake alikuwa tayari kumuuza ng'ombe wake mmoja ili kuongezea. Nabwire akakataa, akasema yeye kazi yake ni kuzalisha ng'ombe, hawezi kuianza kwa kuondoa mmoja.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mtauliza mambo ya viti yanaingiaje hapa.

Mume wangu alikuwa turnboy wa lori kabla ya kuwa dereva, na mimi nikamfuata Malaba. Wakati ule malori yalikuwa yanakaa kwenye foleni ya mpakani hadi nyasi zinaota chini ya matairi. Wake wengine walipika chai na mandazi. Mimi nilikuwa na cherehani ya mkono niliyoachiwa na shangazi yangu Taaka, nikaanza kushona mapazia ya vyumba vya malori, yale yenye vishada. Dereva wa wakati ule alikuwa anaweza kukosa soksi lakini pazia lake lina vishada. Na mjue desturi yetu: lori ni la tajiri, lakini mapazia na kava la kiti ni mali ya dereva. Akiachishwa kazi, anafungua mapazia yake, anayakunja, anaondoka nayo kwapani. Tulikuwa tukimwona mtu anatembea Malaba na mapazia kwapani, hatumuulizi habari ya kazi. Tunamkaribisha chai.

Aliyenitoa kwenye mapazia akaniingiza kwenye viti ni fundi Mwinyi, mtu wa Mombasa, aliyekuja na lori la mizigo kama abiria na hakurudi tena. Alikuwa mwembamba, Kiswahili chake kitamu kama halua, na alituona sisi watu wa bara kama tunaongea kwa kutafuna mawe. Kiti changu cha kwanza nilimshonea dereva mmoja aliyeitwa Ochieng, nikatumia ngozi ya plastiki inayong'aa kama kiatu cha harusi. Niliona nimefanya ufundi. Ochieng akaenda mpaka Webuye akarudi siku ya pili akiwa ameshika kiuno. Kila akikanyaga breki, kiti kinamtema anateleza mpaka magoti yanagonga dashibodi. Fundi Mwinyi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia neno ambalo limenilisha maisha yangu yote: "Mwanangu, kabla hujapima kwa futi, kaa. Kaa kwanza, kiti kikwambie nani alikuwa akikaa."

Na kweli kinasema. Kiti cha dereva hubonyea upande wa mlango, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoburuza paja akishuka. Ile mita ya kilomita kwenye dashibodi watu hurudisha nyuma, siku hizi kwa kompyuta, unakunywa soda na wao wamemaliza. Lakini sijawahi kuona mtu akirudisha sponji nyuma. Mita ikisema gari ni bichi na sponji upande wa mlango imekuwa chapati, amini chapati. Kiti cha nyuma kikiwa kimechoka kuliko cha mbele, hilo lilikuwa teksi, hata ukiambiwa lilikuwa la askofu. Kanyagio la breki likiwa limelika mpira na usukani unang'aa, hayo nayo yaongeze kwenye ushahidi.

Halafu mshipi. Vuta mshipi wa kiti mpaka mwisho wake, usiishie pale unapojifungia tu. Mchungaji wetu mmoja, simtaji jina ingawa nalikumbuka pamoja na la baba yake, alinunua gari safi sana, limepigwa polishi. Likawa kila jua likichomoza linanuka samaki. Washirika wakaanza kusema mchungaji anafanya biashara ya omena kisirisiri. Akaniletea nibadilishe viti. Nilivuta mshipi mpaka mwisho nikaona mstari wa matope, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Nikainua zulia: udongo laini wa mto, chuma cha reli za viti kimeota kutu. Gari lilikuwa limezama kwenye maji mahali fulani, likatolewa likaoshwa. Viti nilimshonea. Nyaya zake hazikupona, na mahubiri ya mwezi huo yote yalihusu Yona.

Basi, turudi Busia.

Emojong alituambia tuje asubuhi kabisa bila kumpigia broka simu. Alipofika kwenye kila gari, kabla ya salamu, aliweka kiganja juu ya boneti. Nikamuuliza kwa nini analibariki. Akasema, "Mama, gari inayosumbua kuwaka ikiwa baridi, muuzaji anaiwasha kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, uliza nani amekuwa akiendesha saa hii." Mimi na uzee wangu nilikuwa silijui hilo, nikaliweka kwenye mfuko wangu.

Gari la kwanza lilikuwa jekundu, la dizeli, na Wandera alilipenda kama kijana aliyeona binti wa mchungaji. Muuzaji wake alikuwa mzee mkweli, alitueleza kila kitu, hakuficha. Kiti hakikubonyea. Mshipi ulikuwa safi. Nilikaa nikatoka nikasema kwangu limepita. Wandera tayari alikuwa amezunguka akipiga matairi mateke, anasikiliza mngurumo akiwa amefumba macho.

Hapa ndipo niwaambie kosa letu sisi watu wa mpakani. Sisi tumelelewa na malori. Kila gari tunalipima kwa lori. Tunauliza linavuta nini, linanguruma vipi, linatumia dizeli? Mtu wa hapa akisikia petroli anaona kama umemwambia maziwa ya unga. Wandera akamwambia Nabwire achukue hilo, dizeli haichoki, yeye alitoka Mombasa na dizeli mpaka Kigali na hakuguswa na makanika.

Nabwire akamsikiliza mpaka mwisho, maana tumemlea vizuri, halafu akasema, "Babu, lori lako lilikuwa likitoka Mombasa moto linafika Kigali moto. Mimi natoka nyumbani naenda kwa ng'ombe wa Mama Ajiambo, nazima. Natoka hapo naenda kwa jirani yake, nazima. Injini haijapata hata jasho."

Wandera akamgeukia Emojong apate wa kumsaidia. Emojong akakuna kichwa. Akaeleza kwamba dizeli hizi za siku hizi zina chujio kwenye ekzosi la kushika masizi, na chujio hilo hujisafisha gari likienda mbali na kwa moto. Ukilitembeza safari fupi fupi, linaziba, taa zinawaka, nguvu inaisha, na kulibadilisha utauza shamba. Akasema uwanjani kwake Malaba yako kadhaa yamelala kwa ugonjwa huo, yote ya watu waliotaka mngurumo.

"Basi hiyo si dizeli," Wandera akasema. "Hiyo ni dizeli iliyosoma." Akaenda kusimama kando akalitazama lile jekundu kwa muda, kama mtu anayeaga.

Gari la pili ndilo la Brayo. Rangi ya majivu, petroli, injini si kubwa, magurudumu ya nyuma husaidia tu barabara ikiteleza. Emojong akashika boneti, ikawa baridi. Likawashwa, likashika mara moja, halikukohoa, halikutoa moshi. Akavuta kijiti cha oili ya giaboksi akapangusa kwenye karatasi nyeupe, akanusa kama mtu anayechagua samaki. Hakusema kitu, na Emojong asiposema kitu ujue amefurahi.

Brayo yeye alikuwa anasema kwa niaba ya wote. "Mama, hii ilikuwa ya daktari mmoja mwanamke, wa Nairobi. Ilikuwa inaenda kanisani na kurudi. Murram, barabara ya vumbi, haijui."

Wandera alikuwa amechungulia chini. Akauliza, "Hilo kanisa liko machimboni? Mbona huku chini kuna udongo mwekundu wa Malaba?"

Brayo akacheka, akasema ni vumbi la uwanjani, akatuonyesha viti. Viti vilikuwa na kava jipya kabisa, jeusi lenye mstari mwekundu, bado linanuka duka. Nabwire akafurahi, nikaona macho yake. Ndivyo watu walivyo: wakikuta kava jipya wanaona wamepewa zawadi. Mimi miaka yote nimelipwa na mabroka kushona makava hayo, kwa hivyo najua ni ya nini. Nikamwomba nilifungue la kiti cha dereva.

"Usinichanie, mama. Nimeweka juzi tu."

Nikamwambia nimefungua makava kabla mama yake hajavaa kanga, sichani. Nikapiga magoti, nikatafuta kulabu za nyuma ya kiti, nikalitoa kama unavyomvua mtoto shati amelala. Nikakaa kwanza. Upande wa mlango palikuwa pamebonyea, lakini kwa kiasi, kulingana na mita. Halafu mkono wangu ukagusa pale kikalio kinapokutana na mgongo wa kiti, upande wa kulia, mahali mfuko wa nyuma wa suruali unapokaa. Palikuwa na kiraka.

Kiraka chenyewe kilikuwa cha turubai la lori, la kijani, limeshonwa kwa uzi mara mbili na kona zikakunjwa kwa ndani. Hakuna duka linalouza hivyo. Turubai nilikuwa naokota vipande kwa madereva, kwa sababu fundi Mwinyi alinifundisha kwamba hakuna kitambaa kinachoshinda turubai kwa kuvumilia. Nilikuwa nimekaa juu ya kazi ya mkono wangu mwenyewe.

Na nikamkumbuka mtu. Okumu, mtoto wa Makokha wa Nambale, wakala wa kutoa mizigo hapo Malaba. Kazi yake ilikuwa karatasi na mihuri, lakini alipenda kubeba koleo kwenye mfuko wa nyuma kama makanika. Koleo hilo likatoboa kiti cha gari lake. Akaniletea, nikamshonea kiraka, nikamwambia aliache koleo kwenye buti. Hakuliacha. Mke wake anaitwa Nafula, anauza vitambaa sokoni Nambale, na kila tukionana tulikuwa tunacheka kuhusu hilo koleo.

Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Hili ni gari la Okumu wa Malaba."

Nabwire akatoa simu atafute jina la mwenye gari kwenye mtandao wa serikali, lakini mtandao siku hiyo ulikuwa umelala. Brayo akaanza kusema pengine ni gari linalofanana. Nikamwonyesha kiraka. Akakitazama, akanitazama, akatazama njia ya kutokea.

Nabwire alikasirika. Akachukua mkoba wake akasema twende, mtu aliyedanganya kuhusu mwenye gari amedanganya na mengine. Na hapo, wajukuu wangu, ndipo ningependa msome polepole. Kwa sababu Nabwire alikuwa na haki, na bado tungefanya makosa makubwa kuondoka. Yule daktari wa Nairobi, hata angekuwepo kweli, sisi hatumjui. Hatujui aliendeshaje, alibadilisha oili lini, alipita mto gani. Okumu tunamjua. Broka alikuwa ametudanganya kwa kutuficha kitu kizuri kuliko uongo wake: aliogopa tu tukimjua mwenye gari tutaenda kwake moja kwa moja.

Nikamwambia Nabwire angoje, tumuulize Okumu. Ikawa sina namba. Wandera, ambaye tangu lile jekundu alikuwa hajapata nafasi ya kupumua, akatoa simu yake ya kubonyeza. Madereva wote wana namba za mawakala wote. Akapiga, akaweka sauti ya nje, juu ya boneti, sote tukainama kama watu wanaoomba.

Okumu akapokea. Wandera akamsalimu, akamuuliza watoto, mvua, kuku, mpaka Nabwire akamgusa kiwiko. Ndipo akasema, "Okumu, tuko Busia na gari lako la majivu. Mama Viti amekaa juu ya kiraka chako."

Tukasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. "Mama Viti yuko hapo? Basi nimeshikwa."

Akatueleza kila kitu, na hakusita. Alikuwa amehamishiwa Mombasa kikazi, kule hahitaji gari la matope, akampa broka auze. Alilitumia miaka kadhaa kati ya Malaba, Busia na nyumbani Nambale. Oili ya injini alikuwa habahatishi. Oili ya giaboksi alibadilisha, akataja na fundi aliyebadilisha, na Emojong akaitikia kwa kichwa kwamba anamjua. Feni ya rejeta ilikufa akaweka nyingine. Shokomzoba ya nyuma kushoto imechoka. Kibaridi cha ndani hakifanyi kazi, na asingetudanganya kwamba kinahitaji gesi tu.

Nabwire akauliza swali lake mwenyewe, na lilikuwa ndilo lenyewe. "Mzee, liliwahi kukuacha njiani?"

"Mara moja," Okumu akasema. "Na si kosa lake. Nilinunua petroli ya chupa kando ya barabara kwa sababu ilikuwa rahisi. Nusu ilikuwa maji. Nilisukuma mpaka Amagoro nikiwa na suti."

Emojong akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma kushoto, akabonyeza gari kwa uzito wake wote, likapanda na kushuka kama mtumbwi. Shoku imechoka, kama tulivyoambiwa. Akawasha kibaridi: joto tupu. Akaangalia feni: mpya kuliko vitu vilivyoizunguka. Kila ubaya tulioambiwa tuliukuta, na ubaya ambao hatukuambiwa tuliutafuta tukaukosa. Huwezi kupata cheti kizuri kuliko hicho.

Likabaki jambo la unywaji. Nabwire hakutaka kuambiwa, alitaka kuona. Akamwambia Brayo tunajaza tangi mpaka bomba la petroli likate lenyewe, tunaenda Nambale na kurudi, tunajaza tena kwa bomba lilelile mpaka likate. Kinachoingia ndicho gari lilichokunywa. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu akipima kiu ya gari namna hiyo. Sisi tulikuwa tunatazama sindano na kuomba Mungu. Akaendesha yeye mwenyewe, si Brayo, kwa mwendo wake wa kazini, na akasimama njiani mara kadhaa kuzima na kuwasha, kama anavyofanya kwa ng'ombe. Wandera alikaa nyuma akisikiliza akitafuta kasoro, akapata moja tu: halingurumi.

Kilichoingia tuliporudi kingetosha kwenye kidumu cha lita tano na nafasi ikabaki. Nabwire akapiga hesabu kwenye simu, akaipiga tena, akanionyesha kana kwamba najua kusoma zile namba. Nilisoma uso wake, ikatosha.

Brayo alipoona tumeshaongea na mwenye mali, akawa mpole kama kondoo wa Krismasi. Okumu mwenyewe akamwambia kwa simu ashushe bei kwa sababu ya shoku na kibaridi, na kwamba yeye atapewa kitu chake cha udalali bila kelele. Hatukulipa siku hiyo. Tulingoja mtandao wa serikali uamke, jina likatoka la Okumu kama tulivyojua, gari likahamishwa jina, ndipo pesa zikatoka. Ng'ombe wa mama yake Nabwire hakuuzwa. Na Brayo, niseme ukweli, alinifuata baadaye akaniuliza kama ninaweza kumwonyesha namna ya kufungua kava bila kuchana. Nikamwonyesha. Na yeye sasa namhesabu ndugu.

Gari lilipofika nyumbani nilimshonea Nabwire kitu ambacho sikuwahi kumshonea mtu. Nilichukua turubai na sponji ngumu nikatengeneza kiota cha ule mtungi nyuma ya gari, chenye mikanda minne, ili usimame wima hata gari likilala shimoni. Yeye akanionya dirisha liachwe wazi kidogo siku zote, kwa sababu ile baridi ikitoka kwenye mtungi hufukuza hewa ya kupumua. Nikaacha tundu kwenye kiota la kuutazama. Bado naona ndiyo kazi yangu bora, na nimeshona mapazia yaliyofika Bujumbura.

Masika yakaingia wiki hiyohiyo. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi simu ikaja kutoka Namboboto, kwa Mzee Oundo. Ng'ombe wake alikuwa ameanza kulia tangu jioni, na saa za kumpandisha zilikuwa zinakatika. Wa bodaboda wote walikuwa wamekaa chini ya bati wakitazama barabara. Mzee Oundo akasema wazi kwamba Nabwire asipofika, atamchukua fahali wa jirani yake Sikuku, na Sikuku tayari ameshafungua zizi. Na mwenyekiti wa chama alikuwa ameshasikia, maana kwetu ng'ombe akilia chama kinasikia.

Nilikaa kiti cha mbele, nikiwa nimegeuka kutazama kiota changu. Nabwire aliendesha akikwepa mashimo. Pale kwenye mteremko ambapo pikapu moja ilikuwa imelala ubavu mtaroni, na sisemi ilikuwa ya nani, gari liliteleza, nikasikia magurudumu ya nyuma yakiamka na kusukuma, tukapita. Mtungi haukutikisika. Tulipokaribia kwa Mzee Oundo nikamwona Sikuku anakuja kwa njia ya juu, ameshika kamba, na fahali wake mwenye nundu anatembea nyuma kama bwana harusi. Nabwire akamwona pia. Akakanyaga.

Tuliingia getini, akashuka na glavu tayari mkononi. Sikuku alipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Fahali akasimama getini, akanusa hewa, akaona gari, akageuka mwenyewe kurudi nyumbani akimvuta Sikuku kwa kamba. Mzee Oundo akalipiga gari kofi la mgongo kama ng'ombe. Na Nabwire akaniangalia juu ya paa la gari, matope mpaka nyusi, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mtungi uanguke Nambale. Upande wa Funyula ukabaki wake, na ni wake mpaka leo.

Sasa, Sikuku anapita sokoni akisema fahali wake ndiye aliyefika kwanza. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, na ninavyokumbuka tulimtangulia. Lakini nimezeeka, na nyinyi mliokuwa chini ya bati asubuhi ile mliona kutoka mbali. Kama nimekosea hapo, au nimemweka mtu Busia ambaye hakuwepo, njooni mnisahihishe, sitakasirika. Mkija, piteni kwanza kwa Mzee Oundo mmwangalie ndama. Ni jike, mweusi kwa mweupe, mgongo wake umenyooka kama meza, na nundu hana.